Siku Tuliyomngoja Kinde

Mtu akinisifia kinde mbele yangu, namwambia ashuke mlima akamsifie huko kwao. Nimewachoka. Wageni wanapanda mpaka huku juu, pumzi zimewaishia, kamasi zinawatiririka kwa baridi, halafu wakimwona wanashika vifua: jamani, kandege kadogo, kichwa cha zambarau, tazama kanavyoning'inia hewani! Kazuri nini? Kinde ni mgomvi. Ukubwa wake hauzidi kidole gumba changu, na kutwa nzima anafukuza wenzake kwenye kichaka chake, anawavamia, anawadonoa, anawasukuma mpaka chini kwenye majani. Angekuwa na ukubwa wa mbwa, sisi tungeshahama zamani.

Sikuzaliwa nikimchukia. Nilimchukia mwaka aliokufa mume wangu, Asencio, na nitawaeleza kwa nini, ila msinikatize.

Nyumba yangu ni ya mwisho. Ukishapita mlango wangu ni majani makavu, mawe, na mlima wetu, Baba Chimborazo mwenyewe na theluji yake. Maji nilikuwa nayo mahali pamoja tu, chemchemi iliyo hatua thelathini kutoka ukutani, upande wa mawio. Maji mengine yako mtoni, bondeni kabisa, mwendo wa saa mbili kushuka, na kupanda na ndoo usiniulize. Nina kondoo kumi na saba na alpaka wanne. Bila chemchemi ile, nyumba yangu ni rundo la mawe lenye paa. Kwa hiyo mkisikia nimegombana, nimetukana, nimetupa kofia ya mtu majini, jueni nilikuwa napigania chemchemi, si kingine.

Jirani yangu ni Hilario, mdogo wake marehemu. Baba yao aligawa malisho kwa kichaka cha chukiragua, ile yenye miiba na maua ya rangi ya moto ambayo kinde hanywi kwingine akiipata. Huku kwetu mpaka ni kichaka. Jiwe linaviringishwa, nguzo inaishia jikoni kuwa kuni, lakini chukiragua mzee mwenye kinde wake hakuna anayemgusa, na anayemgusa hupoteza haki yake yote mpakani, hata kama alikuwa na haki. Kichaka chetu kilisimama ng'ambo ya chemchemi, hatua kumi na tano mbele yake. Huko nyuma yake kwa Hilario, huku mbele yake kwetu. Maji yalikuwa kwetu, na hakuna aliyebisha kwa miaka ishirini na tisa.

Halafu chemchemi ya Hilario ikakauka. Theluji ya mlima inapungua mwaka hadi mwaka, kila mtu anaona. Asencio akamruhusu mdogo wake anyweshe kwetu siku mbili kwa wiki. Mimi nilinung'unika, sikatai. Hilario naye alinung'unika kwamba siku mbili ni chache.

Mwezi wa Februari kifua cha Asencio kilimbana mpaka midomo ikawa ya buluu. Nikamshusha mjini, hospitali. Mifugo niliwaachia Hilario na mkewe, Melchora, na kusema haki waliitunza. Niliporudi hakupungua hata kondoo mmoja. Asencio alifariki Aprili. Tulimzika huko huko chini, nikakaa kwa dada yangu mpaka miguu ikakubali kupanda tena. Nilirudi Juni, siku ya ukungu, nikachukua ndoo kabla hata sijavua shali.

Nikakipita kichaka. Nikasimama. Nimekipita, na chemchemi bado iko mbele yangu!

Nikadhani ni msiba unanichezea. Nikarudi ukutani nikahesabu hatua kwa sauti, kama mtoto wa shule. Kumi na tano, kichaka. Thelathini, maji. Mpaka umevuka chemchemi na umekuja kunikaba mlangoni kwangu. Nilichota ndoo yangu, nikaimwaga nusu njiani, nikaenda moja kwa moja kwa Hilario.

Alikuwa uani anatengeneza mpini wa jembe. Melchora ameketi kwenye gunia anamenya maharage mabichi.

"Shemeji," nikasema, "kichaka kimehama."

"Pole na safari, shemeji. Pole na kaka. Kimehama? Kimeota miguu?"

"Usinifanyie mzaha. Kilikuwa ng'ambo ya maji, sasa kiko huku."

"Kiko pale pale alipokiacha baba."

"Miaka ishirini na tisa nimekunywa maji yale!"

"Umeyanywa kwa sababu kaka alikuwa mkubwa na mimi nilikuwa mpole. Sasa kaka hayupo." Akapuliza vumbi kwenye mpini. Hakunitazama usoni, na hilo nililiona.

Nikamgeukia mkewe. "Mama Luzmila, wewe unajua. Kichaka kilikuwa wapi?"

"Mimi sipimi ardhi," akasema Melchora. "Mimi namenya maharage."

Basi nikaenda kwa mwenyekiti wetu, Rudecindo, mtu mzuri ila mzito, ukimwuliza saa anakwambia ngoja kesho. Akanikaribisha uji wa shayiri, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mama Balta, msiba huchanganya watu. Mimi nilipofiwa na mama nilipotea njia ya kwenda kwangu."

"Msiba umenichanganya kichwa, mwenyekiti. Miguu haujanichanganya. Hatua nazijua."

"Tukimaliza kuvuna viazi tutapanda, tutaangalia."

Tukimaliza kuvuna viazi! Na mimi kila asubuhi naamka, nakuta ng'ombe wa Hilario wamesimama kwenye maji yangu na kuyageuza tope, siku saba kwa wiki, na yeye ananipungia mkono. Nilivumilia wiki mbili. Ya tatu nikasema potelea mbali.

Jumamosi, siku ya soko, Hilario na Melchora wakashuka na viazi vyao. Ukungu ulikuwa mzito. Nikachukua sururu, punda na turubai, nikakichimba kile kichaka kuzunguka, na udongo wake, nikakivingirisha juu ya turubai, punda akavuta. Miiba ilinichana mpaka viwikoni. Halafu nikaenda kuchimba shimo ng'ambo ya chemchemi, mahali pake pa zamani, na hapo sururu ikagonga kitu. Nikafukua kwa mikono. Mzizi mkuu wa chukiragua, mnene kama kifundo cha mkono wangu, umezama ardhini kwenda chini kabisa, na juu umekatwa. Umekatwa kwa shoka, sura ya shoka bado ipo.

Nilicheka peke yangu katika ukungu. Nilimwambia Asencio kwa sauti, "Unaona? Unamwona mdogo wako?" Nikakipanda kichaka juu ya mzizi ule ule, nikakanyaga udongo. Kule nilikokitoa nikafukia shimo.

Laiti ukungu ungekaa nusu saa zaidi. Uliinuka kama mtu ameuvua, na Hilario huyo hapo, amewahi kurudi, na gunia tupu begani.

"Mwizi!" akapiga ukelele. "Melchora, njoo uone! Mwizi wa mpaka, mchana kweupe!"

"Mwizi ni wewe, macho makavu! Umesubiri kaka yako aende kufa!"

"Mikono yake hiyo! Tazameni kucha zake!"

Akanyakua sururu, mimi nikanyakua kofia yake nikaitupa majini. Alinisukuma, nikamsukuma. Wachungaji wa ukingo wa pili wakasikia wakaja, na walichokuta ni mjane mwenye udongo mpaka viwikoni na kichaka kilichopandwa sasa hivi. Sina haja ya kuwaambia walisema nini kijijini.

Jumapili baraza likajaa. Watu walikuja na vitafunio vyao kabisa, kama wanakwenda kutazama mpira. Rudecindo akasema tumeshtakiana wote wawili, na mmoja wetu amegusa mpaka, na huyo atakosa maji. Halafu, ajabu, yule mtu mzito akasema neno la akili kuliko yote niliyowahi kumsikia nayo.

"Tupande tukachimbe. Chukiragua mzee akihamishwa, mzizi wake mkuu hubaki. Palipo na mzizi ndipo palipo na mpaka."

Nilimtazama Hilario. Uso ulimwisha damu. Mkewe akainamisha kichwa akaanza kuhesabu vidole vyake. Wallahi nilikuwa nimeshashinda! Kama mtu angenifunga mdomo wakati ule kwa kitambaa, ningekuwa nakunywa maji yangu mpaka leo.

Lakini Hilario akajikohoza. "Yeye ndiye aliyechimba pale. Atashindwa nini kuzika mzizi? Milima imejaa mizizi."

Watu wakaguna. Mmoja huko nyuma akasema, "Mama Balta anapanda mizizi siku hizi, sisi tunapanda viazi," wakacheka. Nikaona wanacheka, walionijua tangu nilipoolewa, na wengine niliwazalisha wake zao. Damu ikanipanda kichwani.

"Mzizi hamuamini?" nikasema. "Basi mngojeni kinde."

Kicheko kikakatika.

Ni jambo la zamani, lakini hakuna asiyelijua. Kichaka cha mpaka kikiteketea kwa moto au kikipondwa na mvua ya mawe, watu hukaa alfajiri bila kusema wakimngoja kinde. Kinde hurudi palipokuwa na maua yake. Hata kama hakuna jani, hurudi, hutulia hewani mahali pale pale, hutia mdomo kwenye ua ambalo halipo. Hapo hupigwa nguzo, na kesi imekwisha. Baba mkwe wangu mwenyewe alipata malisho yake ya juu kwa njia hiyo, moto ulipokula ukingo mzima.

"Mambo ya mababu hayo," Hilario akasema haraka. "Mwenyekiti, ndege ni ndege."

"Unaogopa?" nikamwuliza.

"Siogopi. Nasema twende tukachimbe, kama alivyosema mwenyekiti."

Mnasikia? Mwizi mwenyewe alikuwa anakimbilia kwenye mzizi ili kumkwepa ndege, maana aliamini kama ninavyoamini mimi, kama tulivyofundishwa wote, kwamba kinde anajua. Na jinsi alivyozidi kukataa ndivyo nilivyozidi kung'ang'ania. Nilitaka aumbuke mbele ya kijiji kizima. Mzizi ungenipa maji tu, na mimi nilitaka aibu yake juu.

Rudecindo akajaribu mara ya pili. "Mama Balta, tuchimbe kwanza. Ndege atakuja baadaye."

"Mwenyekiti mzima, na wewe unaogopa ndege?"

Wakacheka tena, safari hii upande wangu, na mimi nikavimba kichwa.

Bibi Pascuala, ambaye ndiye mkubwa wetu na ameshakaa ngoja-ngoja hizo mara tatu maishani mwake, akanyanyua fimbo. "Baltazara, sikiliza. Anayemngoja kinde hachimbi tena. Akishasema, hakuna mzizi, hakuna shahidi, hakuna serikali. Umeelewa?"

"Nimeelewa, bibi."

"Rudia watu wasikie."

Nikarudia, kwa sauti, nimeshika kiuno. Kila mtu alisikia.

Jumatatu kabla ya jua tulikuwa tumeshapanda, watu kama arobaini. Kinde hufuata rangi nyekundu, kwa hiyo poncho zote zilivuliwa zikafichwa, tukakaa kwenye barafu ya majani na mashati tu, meno yakigongana. Kichaka nilichokipanda kilifunikwa blanketi la kijivu ili maua yasionekane. Palipokuwa na kichaka cha uongo, karibu na ukuta wangu, palikuwa na udongo mtupu. Chemchemi ilikuwa katikati inatoa moshi wa baridi. Mimi nilikaa mwisho wa mstari wa kushoto, Hilario mwisho wa kulia. Alikuwa anaomba. Nilimwona midomo inavyocheza, nikafurahi.

Jua likapiga ukingo, likateremka taratibu kwenye mwamba wa korongo wanakolala kinde. Wanalala wamekauka kama waliokufa, ukimgusa ni jiwe, mpaka joto liwaingie. Tukasubiri. Mtu akakohoa, Bibi Pascuala akamchoma fimbo.

Halafu tukamsikia kabla ya kumwona, ule mvumo wa mabawa. Dume, kichwa cha zambarau, tumbo jeupe. Alikuja moja kwa moja juu ya chemchemi, akapita juu ya blanketi. Nikashika pumzi. Simama, nikamwambia moyoni, simama hapo, mtoto wa mama.

Hakupunguza hata mwendo.

Akageuka, akavuka maji, akaja huku kwangu. Hatua kumi na tano kutoka ukutani akatulia hewani, usawa wa kifua cha mtu, akatia mdomo mahali ambapo hapakuwa na kitu. Akasogea shubiri moja, akatia tena. Akashuka kidogo, akatia tena. Alikuwa anapita ua baada ya ua kwenye kichaka ambacho hakipo, haachi hata moja. Akaondoka, akarudi. Akaondoka, akarudi mara ya tatu. Ndipo likaja dume la pili likitaka kunywa pale pale, na yule wa kwanza akalirukia, wakagombana, wakabwagana chini kwenye udongo wangu mtupu, wakainuka, wakagombana tena, kugombania hewa!

Watu wakaachia pumzi. Mtu akasema, "Loo."

Mimi nilikuwa nahesabu vidole. Februari, Machi, Aprili, Mei, Juni. Kinde hamjui baba mkwe wangu. Hajui Asencio wala miaka ishirini na tisa. Kinde anajua alikunywa wapi juzi na jana, na tangu Februari alikuwa anakunywa pale Hilario alipompandia. Baba mkwe alingoja siku moja baada ya moto, siku moja! Wote waliongoja zamani walingoja siku moja au mbili. Na hakuna mtu katika kijiji kizima aliyewahi kujiuliza ingekuwaje baada ya miezi minne, na mimi niliyekuwa na sababu ya kujiuliza kuliko wote nilikuwa nimeshika kiuno.

"Amemzoeza!" nikapiga kelele, nikasimama. "Miezi minne! Kichaka kilihamishwa wakati niko hospitali, ndege amezoea huku! Rudecindo, chimba mzizi! Uko pale chini ya blanketi, umekatwa kwa shoka, chimba!"

Rudecindo akatazama viatu vyake.

"Ulirudia mbele ya watu," akasema Bibi Pascuala.

"Bibi, nakuomba."

"Mwanangu, ulirudia mbele ya watu." Akampa Rudecindo ishara, nguzo ikapigwa. Niliisikia kila pigo kwenye meno.

Hilario hakushangilia. Alikuwa amepiga magoti, kofia kifuani, mdomo wazi, anamtazama yule kinde, na machozi yanamshuka. Nikasema mnafiki mkubwa, tazama anavyoigiza.

Watu wakavaa poncho zao wakaanza kushuka, wakinipita kama wanavyopita mlango wenye msiba. Melchora akabaki nyuma, eti anakunja blanketi. Akaja karibu.

"Nilishika ngozi upande mmoja, yeye upande wa pili," akasema kwa sauti ya chini. "Tulikiburuta juu ya ngozi ya ng'ombe. Jumanne, wiki mliyoshuka."

"Waite! Bado wako pale, waite uwaambie!"

"Nina watoto wanne, na yule ndiye baba yao."

"Sasa mimi unaniambia ya nini?"

"Ujue huna wazimu." Akanipa blanketi, limekunjwa vizuri pembe kwa pembe, akaenda zake. Nikatema mate nyuma yake, na natema hata sasa nikikumbuka.

Siku tatu nilinywesha mtoni. Asubuhi tunashuka, jioni tunafika nyumbani na kiu ile ile tuliyoondoka nayo. Siku ya pili kondoo mwenye mimba alilala njiani akakataa kuinuka, nikambeba begani, mimi mwenye miaka hamsini na sita. Siku ya tatu alitupa mimba kwenye mawe. Wengine wawili walikuwa na mimba pia, na alpaka mmoja alianza kuchechemea. Nikahesabu nikaona mwezi ukiisha nitakuwa sina mfugo.

Jioni hiyo Hilario akabisha hodi. Amebeba sahani, simbilisi wa kuchoma na viazi, imefunikwa kitambaa safi. Akasimama mlangoni kama mchumba.

"Shemeji, nimekuja tupatane."

Nikaushika mlango nusu wazi.

"Nataka nikwambie kitu ambacho sijamwambia mtu. Tangu Februari nilikuwa silali. Nakula, chakula hakishuki. Kaka alipokufa nilisema ni mimi, nimemlaani kwa mkono wangu. Nilidhani nimewaibia, shemeji."

"Ulituibia. Ulikihamisha kichaka."

"Nilikihamisha, ndiyo." Alisema hivyo hivyo, bila haya, macho yanang'aa. "Nilikirudisha mahali pake! Baba lazima alikosea siku ile, au babu, sijui. Mimi nilidhani natenda dhambi, kumbe Baba Chimborazo ndiye aliyekuwa ananituma. Ulimwona kinde. Si wewe ndiye uliyemwita? Mimi nilikuwa nakataa, nilijua naumbuka. Nakushukuru, shemeji. Ungekubali kuchimba ningebaki na mzigo huu mpaka kaburini."

Jamani! Alinishukuru.

Nilipiga ile sahani kwa kiganja, viazi vikaviringika mpaka uani. "Toka!"

Akainama akaviokota kimoja kimoja, akavifuta, akaviweka juu ya kizingiti. "Una haki ya kukasirika, umefiwa," akasema. "Maji usihangaike kwenda mtoni. Ukihitaji, omba tu. Siku yoyote."

Nikafunga mlango. Nikakaa jikoni na moto umezimika, nikawasikia kondoo wanavyolia zizini. Mmoja wa wale wawili, mwenye mimba kubwa, ana mlio wa peke yake, wa chini, kama mtu anayeguna. Niliapa sitaomba. Niliapa kwa Asencio, kwa mama yangu, kwa mlima.

Kulipokucha nikafungua zizi, wakatoka, na hawakusubiri niwaongoze. Walikwenda wenyewe kwenye nguzo mpya wakasimama hapo wamepanga vichwa. Hilario alikuwa ng'ambo na ng'ombe wake. Nilikuja nimejiandaa. Nilijua atanikebehi, atasema sikusikia, rudia. Atasema ongea kwa adabu. Na nilikuwa na majibu ya kila neno, makali, nimeyapanga njia nzima.

"Naomba maji," nikasema.

Hakucheka wala hakunifanya nirudie. Aliwasukuma ng'ombe wake pembeni kwa bega, akamshika yule kondoo mwenye mimba akamsaidia kushuka kwenye utelezi, taratibu, asiteguke mguu.

"Chota, shemeji," akasema. "Chota bila wasiwasi. Nani atakunyima maji?"

Aliyasema kwa moyo mweupe kabisa. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyelala usingizi mzuri siku tatu mfululizo. Nilijaza ndoo yangu, nikaijaza na ya pili, na majibu yangu yote hayakuwa na kazi, kwa sababu hapakuwa na wa kumjibu. Kabla ya hapo nilidhani namchukia Hilario. Nilikuwa nimemkasirikia tu. Kumchukia kulianza pale, aliponinyooshea mkono ili anisaidie kupanda utelezi na ndoo, na mimi nikaushika.